Imani imenitoka, mizani bado napima sawa. Nitasimamaje kwenye ubatizo wa mwanangu?

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia usiku, mke wangu amelala, na barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34. Kwetu ni Ganda, lakini naishi Maweni hapa hapa Malindi na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine miezi mitano. Nimelelewa Kianglikana. Marehemu babangu alikuwa msomaji wa kanisa, nami nimeimba besi kwenye kwaya tangu sauti yangu ilipokuwa nzito. Kazi yangu ni karani wa mizani pale ufuoni wavuvi wanaposhusha samaki. Napima, naandika daftarini, tajiri analipa.

Shangazi, sina imani tena. Sisemi Mungu hayuko. Nasema sijui, na kila nikizidi kufikiri naona sina njia ya kujua. Nimesoma kwenye simu kwamba mtu kama mimi huitwa aginostiki. Jina lenyewe gumu kulitamka, wala sikulitafuta ili nijitape nalo.

Watu wakisikia, cha kwanza watakachodhani ni Shakahola. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza wafunge mpaka kufa ilipokuwa ikifukuliwa kule msituni, wengi hapa walitikisika. Mimi sikutikisika hivyo. Nilijua yale siyo niliyofundishwa, na kanisani kwetu tulilia kama watu wengine. Yangu yalianzia mahali padogo zaidi.

Mwaka juzi binti yetu mkubwa alilazwa kwa malaria kali. Kitanda cha pili alikuwa mvulana wa umri wake, naye malaria hiyo hiyo. Mke wangu na mamake yule mvulana walikuwa wakipokezana kwenda kuteka maji. Sisi tuliomba na wao waliomba. Yule mama alikuwa na rozari mkononi, hakuiweka chini. Usiku wa tatu binti yetu aliamka akataka uji. Yule mvulana alfajiri hakuamka. Kulipokucha mamangu akaja na akina mama wa kanisa, wakamwona mjukuu ameketi kitandani, wakapiga vigelegele, wakaimba, wakasema Mungu ni mwema, amesikia. Na yule mama yuko hatua tatu kutoka hapo, anakunja leso, anatia kikombe na kijiko kikapuni. Alikuwa anakunja polepole sana. Hakututazama. Nilisimama katikati ya vile vitanda viwili, mdomo ukakataa kuimba.

Jumapili iliyofuata niliimba, na iliyofuata tena niliimba. Lakini tangu siku ile, kila tukifika kwenye kushukuru namwona anakunja ile leso. Nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa, akanijibu kuwa njia za Mungu hazichunguziki. Nikakubali. Nikaenda nyumbani nikafikiri, nikaona kama hazichunguziki basi nami sizijui, na hapo ndipo nilipobaki.

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna kingine kilichobadilika. Sijaanza ulevi. Sina mwanamke wa nje. Mizani yangu iko vile vile: nagonga sinia mpaka maji yadondoke, nangoja mshale urudi kwenye sifuri, ndipo natia samaki, na mvuvi mwenyewe anaona. Wakati wa kusi bahari ikichafuka mtu anaweza kurudi na kilo tatu za tafi na changu baada ya usiku mzima. Nusu kilo kwake ni unga wa watoto.

Mke wangu nilimweleza mwezi wa pili. Hakulia, hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: “Kama humwogopi Mungu, mimi nitajuaje kwamba hutaniacha?” Nikakosa la kusema.

Naye akamweleza dada yake, na dada yake ameolewa na mtu wa ufuoni. Malindi unaijua. Wiki haikuisha tajiri mmoja akanivuta nyuma ya banda la barafu. Akacheka, akasema, “Nasikia siku hizi huna Mungu. Basi mshale na uanze nyuma ya sifuri kidogo, Ijumaa nitakukumbuka.” Nikakataa. Akaniuliza, “Kwani sasa unamwogopa nani?” Shangazi, jambo hilo nimelikataa miaka minane na kila mara nilikuwa na jibu: mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Safari hii nilikataa bila jibu. Nilirudi kwenye mizani mikono inatetemeka. Je, ni mazoea tu? Ni makombo ya dini niliyoiacha, na siku moja yataisha?

La mwisho ndilo la haraka. Mamangu amepanga ubatizo wa mtoto mdogo. Tarehe iko, kitambaa cheupe kimenunuliwa, wajomba wa Kaloleni wameshaambiwa. Mzazi huulizwa mbele ya watu kama anamwamini Kristo, na hujibu kwa sauti. Nikijibu nitakuwa nimesema uongo mahali alipokuwa akisimama babangu. Nisipojibu, mamangu ana presha. Jirani yangu ananiambia niseme tu, maneno hayaumi. Kaka yangu mkubwa ni mkali zaidi. Anasema nimerudi kwenye vigango, zile nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wazee waliokufa (kigango cha babake babu bado kiko kwenye boma letu la zamani, kimeinama, na babangu alikuwa akipita pale bila kukiangalia), na ati mtu asiye na dini hana wa kumzika.

Tena kamati ya ufuo inataka niwe mwekahazina, na wanaapisha kwa Biblia au Kurani. Hapo nako sijui.

Nisaidie. Usinihubirie tafadhali, na usinipongeze pia.

Mpima Samaki,
Malindi

*

Mpima Samaki mwanangu,

Marahaba. Sitakuhubiria. Lakini si haki nikufiche kwamba mimi ni Mwislamu, naswali, na ningependa uwe na wa kumwomba usiku kama huo uliokaa ukiandika. Nimeshalisema, sitalirudia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona umeiandika imepinduka. Unasema imani imeondoka, maadili yamebaki, na unaogopa kuwa ni makombo. Hebu rudi wodini. Uliposimama kati ya vitanda viwili, imani ulikuwa nayo bado. Mtoto wako amepona, mamako anaimba, kila kitu kinakuvuta uimbe. Nini kilikufunga mdomo? Ni yule mama. Wengine mle ndani, watu wema waliokuwa na haki yao ya kufurahi, hawakumwona. Wewe ulimwona, ukaona haya kushangilia mbele ya msiba wa mwenzio. Haya hiyo haikuja baada ya imani kuondoka. Ilikuwepo imani ikiwepo, na kama nimekusoma sawasawa, ndiyo iliyoisukuma imani yako mpaka mlangoni. Makombo ni yale yanayobaki watu wakishakula. Hiki chako kilikuwa sinia lenyewe.

Kwa nini yule mvulana hakuamka, sina jibu. Ninayo maneno ya dini yangu, na mimi hunituliza, lakini si dawa ya kumpaka mtu mwingine kwenye kidonda chake.

Usidhani pia kuwa wewe ndiwe wa kwanza kuuliza katika mji huu. Nilifundisha historia miaka mingi na kuna kisa kimoja ambacho hunichoma kidogo kila nikikikumbuka, maana kinatuhusu sisi Waislamu. Mwaka 1542 kasisi Francis Xavier alipita Malindi akielekea India. Alipofika Goa aliandika barua, humo akaeleza kwamba hapa alikutana na mzee wa Kiislamu mwenye heshima zake, na mzee huyo akamuuliza kasisi kama huko kwao watu huenda makanisani, kwa sababu Malindi ilikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakienda katika mitatu tu. Mzee alikuwa na majonzi, haelewi ucha Mungu wa watu wake umepotelea wapi. Sijui kama majirani zake aliwahi kuwauliza hivyo. Alimngoja mgeni wa dini nyingine anayepita na meli. Nawe umepita makasisi wote wa Malindi ukamwandikia bibi mmoja Mwislamu. Basi tunafahamiana.

Tuje kwa tajiri. “Unamwogopa nani?” Ni swali la zamani na wenye akili kuliko yeye wameliuliza. Lile neno gumu ulilolisoma lilibuniwa mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, Mwingereza, bingwa wa elimu ya viumbe. Wengi hulijua neno, hawajui mazishi. Miaka tisa kabla ya hapo, Septemba 1860, Huxley alimzika mtoto wake wa kwanza, Noel, ambaye hata miaka minne hakuwa ametimiza. Pale kaburini kasisi akasoma maneno ya Paulo kwa Wakorintho: kama wafu hawafufuki, na tule, tunywe, maana kesho tutakufa. Siku chache baadaye Huxley akamwandikia Charles Kingsley, rafiki yake na kasisi vile vile, kwamba maneno yale yalimchukiza kupita kiasi. Yaani kwa kuwa amefiwa, na hana hakika ya ufufuo, ndiyo avue utu wake agaegae? Hata nyani, alisema, ukimwulia mwanawe huomboleza kwanza, hakimbilii kula.

Sikuombi umtajie Huxley nyuma ya banda la barafu, tajiri atakucheka na mimi nitacheka. Lakini jibu lako kwake umeshaliandika mwenyewe, ukalipita bila kuliona: nusu kilo ni unga wa watoto. Akikuuliza tena unamwogopa nani, mwonyeshe mvuvi anayeshuka na ndoo yake. Namwogopa huyo. Watu ishirini kwa siku, nusu kilo kila mmoja, ni kilo kumi zinazotoka matumboni mwa watoto kuingia kwenye gari la barafu. Hesabu hiyo haihitaji moto wa milele. Na ulipokuwa unanukuu ile aya miaka minane, nashuku ulikuwa unamwona mvuvi huyo huyo, ila aya ilikuwa rahisi kuitoa mdomoni, na tajiri alikuwa anaiheshimu. Sasa umepoteza ngao, mkono ni ule ule. Kutetemeka ni kwa sababu umeshika bila ngao kwa mara ya kwanza.

Kaka yako naye anakutisha kwa vigango. Ni mkubwa wako, mjibu kwa adabu. Lakini kigango hakichongewi kila mtu. Huchongewa mzee wa gohu, kile chama cha wazee wa heshima, mtu aliyekuwa na uzito mbele ya wenzake. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, misheni ya Rabai ikaanza 1846. Kabla ya hapo Wagiriama hawakuwa wamekaa ufuoni wakingoja meli ije iwaambie kwamba kuiba mbuzi wa jirani ni vibaya. Walikuwa na Mulungu wao pia, kwa hiyo sisemi babu wa babako alikuwa kama wewe. Nasema tu kwamba uadilifu wa boma lenu una umri mkubwa kuliko ubatizo wa boma lenu. Na angalia maneno: imani tumeipata kwa Kiarabu, dini vile vile, hata hayo maadili. Utu ni letu. (Mungu pia ni letu, kaka yako atanikumbusha, na ni kweli.)

Lakini mahali fulani lazima nikubane, kwa sababu barua yako ina fahari kidogo ambayo huenda hujaiona. “Hakuna kilichobadilika.” Mwaka wa pili tu huu, mwanangu. Kanisani ulikuwa na macho ya watu. Mtu akianza kupinda, kwaya hujua kabla ya mkewe: amechelewa mazoezi, amekuja ananuka, ameacha kutoa mchango wa msiba. Macho hayo ukiyaacha, nani atakuambia? Tajiri atakuwepo kila Ijumaa. Siku mtoto ana homa na mfukoni huna kitu, ndiyo atakapokuja tena, na siku hiyo usijitegemee wewe peke yako. Geuza mizani uso wake uwaelekee wavuvi. Daftari liwekwe mahali mvuvi anaweza kulisoma, na mmoja wao atie alama kila siku. Muhuri wa vipimo usichelewe hata mwezi. Ukifanya hivyo, siku ukitaka kuiba hutaweza, na hiyo ndiyo salama yako.

Sasa mke wako.

Swali lake ulilichukulia kama shaka juu ya tabia yako. Mimi naliona ni swali la mtu anayejua chama kinavyoendeshwa. Mtu akikopa, kuna mdhamini. Siku mlipofunga ndoa, kwa hesabu yake mlikuwa watatu pale mbele: wewe, yeye, na Mungu ndiye shahidi na ndiye mdhamini. Miaka imepita, amekuzalia watoto wawili, kisha usiku mmoja unamwambia yule mdhamini huenda hakuwepo. Wewe ungeambiwa hivyo kuhusu mkopo ungelala? Aliuliza kwa upole. Wengine wangefunga mzigo wakarudi kwao.

Na kumweleza dada yake, msamehe leo leo. Ulimtwika gunia usiku, asubuhi akatafuta pa kulitua.

Usimjibu kwa hoja. Chagua usiku watoto wamelala, simu iko mbali, umwambie ahadi ile ile upya, safari hii kwa jina lako mwenyewe: mimi, mwana wa fulani na fulani, nakuahidi wewe. Usiape kwa chochote. Akitaka kaka yake awepo asikie, awepo. Halafu kuna yale yatakayochukua miaka, nayo ndiyo atakayoyaamini: yeye aende kanisani kila Jumapili bila kuulizwa, sadaka yake uitoe kwenye mshahara bila kununa, mvua ikinyesha umbebee mtoto mpaka mlangoni. Akina mama wenzake watamwonea huruma kwa kuwa mumewe amepotea. Huruma ya namna hiyo inachosha kuliko matusi. Ukiwa pale mlangoni, umeshika mwavuli, unawaamkia mmoja mmoja, utampunguzia.

Ubatizo. Hapa sizunguki: usitamke usichokiamini. Jirani anayesema maneno hayaumi, mwulize kama angekubali umwandikie kilo moja mahali pa mbili, maana nayo ni wino tu. Kazi yako ni kusoma mshale ulipo. Siku ile pia utaulizwa mshale uko wapi.

Lakini kutotamka si kuzuia ubatizo, na nakuomba usizuie. Mtoto si wako peke yako. Ana mama anayeamini, ana bibi, atakuwa na wasimamizi. Nenda kwa kasisi kabla ya siku, wewe na mkeo, mlango umefungwa, umweleze kama ulivyonieleza. Mwombe mama mtoto na wasimamizi ndio wajibu, wewe usimame kando ushike taulo. Makasisi wameyasikia haya kuliko unavyodhani. Akikubali, alhamdulillahi. Akisema taratibu za kanisa haziruhusu, ni kanisa lake. Mshukuru, mzungumze siku nyingine, na mkeo aamue pamoja naye. Kwaya nayo mwambie mwalimu wa kwaya, aamue yeye. Mimi nisingekutoa, besi hazipatikani, lakini si kwaya yangu.

Umwambie mamako? Umwambie. Tena umwambie wewe, upesi, kwa sababu habari iliyojua njia ya kwenda nyuma ya banda la barafu haitashindwa kufika Ganda.

Kuna msichana mmoja wa Kiingereza, Mary Ann Evans, aliyekuwa akimtunza babake mjane karibu na mji wa Coventry. Mwanzoni mwa mwaka 1842, akiwa na miaka 22, alimwambia mzee kuwa haendi tena kanisani. Mzee akakasirika mpaka akapanga kuiacha nyumba waliyokuwa wakikaa. Wakawa hawapatani, majuma na majuma. Mwisho wakafikia hivi: binti ataandamana na babake kanisani, na kichwani mwake atafikiri atakavyo. Alimtunza na kumuuguza mpaka mzee alipofariki mwaka 1849. Baadaye dunia ilimjua kama mwandishi, kwa jina la George Eliot, lakini kwetu leo ni binti wa mtu tu. Alichokiona ni kwamba kuketi si kuapa. Wewe pia unaweza kuketi karibu na mamako Jumapili ya Pasaka, umshikie kitabu cha nyimbo, umfungulie ukurasa kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Hapo hujamdanganya mtu.

Ukienda kumwambia, nenda asubuhi, ameshakunywa dawa ya presha. Sifanyi mzaha. Mwambie machache: “Mama, kusali kwa sasa siwezi. Uliyonifundisha sijayaacha.” Akilia, kaa. Akikuombea papo hapo, inamisha kichwa, ni mamako. Akikuuliza ni nini kilitokea, usimtajie wodi. Hili nalisema kwa mkazo. Yeye ndiye aliyekuwa akiimba. Ukimwambia kwamba imani yako ilikufa siku aliyokuwa akimshukuru Mungu kwa uhai wa mjukuu wake, mama yule atazikwa na jambo hilo kifuani. Sikuambii umwambie uongo. Mwambie ni mambo ya muda mrefu, na ni kweli, ni ya muda mrefu. Wimbo wake mwachie.

Kiapo cha kamati kisikusumbue. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 32 inalinda uhuru wa dhamiri na imani, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Sheria ya viapo inakubali mtu athibitishe kwa dhati bila kitabu. Hata kiapo cha Rais kwenye Katiba hiyo kimeacha nafasi ya kuthibitisha bila kumtaja Mungu. Mwambie katibu mapema, asije akashtuka mbele ya wavuvi ameshika Biblia mkono mmoja na Kurani mkono wa pili. Uwekahazina kubali, ila kazi ya mizani na hazina zikiwa mkononi mwa mtu mmoja wavuvi watakosa pa kulinganisha. Kwa maoni yangu, chagua moja.

Na kuzikwa: katika sensa ya 2019 Wakenya 755,750 walihesabiwa kuwa hawana dini. Hakuna aliyeachwa juani. Misiba ya Kigiriama nimehudhuria mingi na sijaona kaburi linalochimbwa na kasisi. Huchimbwa na vijana wa jirani, na vijana wa jirani huja kwa yule aliyekuwa akienda kuchimbia wengine. Kaka yako mwenyewe atakuwa wa kwanza kushika jembe, huku akinung'unika.

Umesema tarehe ya ubatizo iko na wajomba wameambiwa. Basi kwa kasisi ni kesho, ukitoka ufuoni, kabla mamako hajaagiza mchele wa pilau, maana mchele ukishafika nyumbani hakuna mtu Ganda atakayekubali kubadilisha chochote. Pitia nyumbani kwanza umchukue mkeo. Na uoge, mwanangu. Mazungumzo marefu ndani ya chumba kidogo na nguo za samaki, kasisi atakuharakisha.

Shangazi yako